Sarafu kuukuu za Tanzania: chambua kwa umbo, kisha chukua sumaku

Ukimwaga mezani kopo la sarafu kuukuu, usihangaike kwanza kutafuta mwaka. Tazama umbo. Senti tano, ile ya samaki sulisuli, ina pembe kumi na mbili. Senti kumi ya pundamilia, iliyokuja 1977, ukingo wake una mawimbi. Senti ishirini (mbuni), thumni yaani senti hamsini (sungura) na shilingi ya mwenge ni za duara. Ukiitoa senti kumi, hizo zote ni za toleo la kwanza la Benki Kuu, 1966. Yenye tundu katikati haimo humu: ni ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, iliyotangulia Benki Kuu, au heller, sarafu ya enzi ya Mjerumani.

Shilingi tano ya 1971 ina pembe kumi. Hiyo ndiyo dala, iliyowaachia jina mabasi ya daladala.

Sasa sumaku. Shilingi moja yenye sura ya Nyerere ni mchanganyiko wa shaba na nikeli, hainasi. Ya Mwinyi, iliyoanza 1987, ni chuma kilichovikwa nikeli, inanasa papo hapo. Chuma ni rahisi, na shilingi ilikuwa inashuka thamani. Shilingi ishirini ya tembo (1990) nayo ni chuma. Hamsini ya faru na mia ya swala zina rangi ya dhahabu, lakini usidanganyike: ndani ni chuma, juu ni ngozi ya shaba tu.

Ndiyo maana hizi mpya huharibika vibaya kuliko za 1966. Ngozi ikichubuka, unyevu hupenya na kutu hula kutoka ndani. Sarafu huvimba madoa, na hakuna dawa. Zitenge na nyingine, mahali pakavu. Tope lioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kausha kwa kugusisha kitambaa, usisugue. Ndimu na dawa ya meno ni uharibifu mtupu: zitang'aa, ila mkusanyaji yeyote makini atazirudisha.

Jero, yaani sarafu ya shilingi mia tano, yenye nyati ilitoka 2014 kwa sababu noti yake ilikuwa ikichakaa upesi mno mikononi mwa watu. Iinamishe huku na huku kwenye mwanga: katika kisanduku kidogo utaona "500" ikigeuka kuwa "BOT", kifupi cha Bank of Tanzania.