Fomula ikikosewa, gramu zote zinaharibika

Nimefundisha kemia miaka mingi na kinachoniuma mpaka leo ni kuona mtu anajua kugawa, anajua kuzidisha, kalkuleta anaimudu vizuri kabisa, afu jibu linakosewa kwa sababu ya fomula aliyoandika mstari wa kwanza. Kwa hiyo tuanzie hapo hapo.

Chukua alumini na oksijeni. Alumini inatoa elektroni 3 inakuwa Al³⁺, oksijeni inapokea 2 inakuwa O²⁻. Kampaundi yenyewe haina chaji, lazima chanya na hasi zimalizane, sasa 3 na 2 zinakutana kwenye 6, manake alumini mbili na oksijeni tatu, ndo tunapata Al₂O₃. Ile njia ya kupishanisha namba, yaani chaji ya huyu inakuwa namba ndogo ya chini ya mwenzake, siipendi sana, mtu akipishanisha bila kufikiri kwenye magnesiamu anaishia Mg₂O₂ wakati ni MgO tu. Na mabano jamani! Ca(OH)₂ ni gramu 74 kwa moli (moli ni kipimo cha idadi ya chembe), ukiandika CaOH₂ inatoka 58, oksijeni nzima imeyeyuka hapo.

Haya, tumechoma gramu 5.4 za alumini, tutapata oksaidi kiasi gani? Balansi kwanza:

4Al + 3O₂ → 2Al₂O₃

Hizo namba za mbele ni moli, sio gramu, nawaomba sana mlishike hilo, kwa sababu wengi wakiona 4 kwa 2 wanagawa 5.4 kwa 2 wanaandika 2.7 na wanaendelea na swali linalofuata, yaani metali imeongezewa oksijeni halafu imekuwa nyepesi, inawezekanaje? Geuza gramu ziwe moli, moli moja ya alumini ni gramu 27: 5.4 ÷ 27 = 0.2. Moli za oksaidi ni nusu yake, 0.1. Moli moja ni (27×2) + (16×3) = 102, basi jibu ni gramu 10.2.

Mimi huwa nahakiki kwa oksijeni: Al 4 zinatumia O₂ 3, basi moli 0.2 za alumini zinatumia moli 0.15 za O₂, na 0.15 × 32 = 4.8, jumlisha na 5.4 inarudi 10.2 ile ile. Ila angalia, aliyeandika AlO naye ekwesheni yake inabalansi, anapata oksaidi 8.6, oksijeni 3.2, na 5.4 + 3.2 inampa 8.6 safi kabisa! Uhakiki huo unakamata kosa la hesabu tu, la fomula haulioni. Hilo utalikamata kwenye chaji: Al³⁺ moja na O²⁻ moja zinakuachia +1 isiyo na mwenzake.