Joto la Dodoma halimalizi sumu peke yake

"Joto lote hili, sumu gani itabaki shambani?" Hii utaisikia sana kwa wakulima wa zabibu, Hombolo huko na Mpunguzi, na ukiisikia haraka haraka inaingia akilini. Ukweli wake ni nusu nusu. Jua linavunja kiasi cha dawa ya wadudu au ukungu iliyobaki juu ya jani na juu ya udongo, sawa, ila iliyozama chini kidogo kwa sehemu kubwa inategemea bakteria na fangasi, na hao bila unyevu hawafanyi kazi hata joto liwe zuri vipi. Sasa mvua ya huku ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili hivi, ikishakata udongo unakauka kabisa. Kwa hiyo dawa iliyopigwa Juni kwenye shamba lisilomwagiliwa inaweza kukaa pale pale ikisubiri mvua, wakati jirani mwenye dripu udongo wake unaendelea kuila chini ya jua hilo hilo.

Ya pili: "kompyuta imeshasema dawa inaoza kwa siku 30, basi ni siku 30". Aisee hapa ndo watu wa PhD wanaumiza vichwa. Kuna programu kama BIOWIN ya mamlaka ya mazingira ya Marekani, unaipa muundo wa kemikali inaangalia vipande vyake, ina klorini nyingi? ina matawi mengi? ina sehemu ambayo bakteria wanaweza kuikata kirahisi? halafu inakupa uwezekano wa kuoza haraka. Ni kitu cha maana sana, ila imefundishwa kwa vipimo vya maabara na makadirio ya wataalamu, na modeli zake mbili zimetokana na vipimo vya Japani vinavyofanyika kwa siku 28 kwenye nyuzi 25. Vipimo vya udongo navyo kwa kawaida ni nyuzi 20, gizani, unyevu haubadiliki. Shamba gani la Dodoma liko hivyo? Mimi naona namba ya siku isiyosema udongo gani na unyevu kiasi gani haijakamilika, hata kama imetoka kwenye mashine ya bei mbaya.

Na hapo usidhani utafiti wenyewe ni kukaa na laptop tu. Modeli inahitaji data, na data inatoka kwenye chupa: udongo uliochekechwa unawekwa ndani, inatiwa dawa ambayo kaboni yake imewekewa alama ya kaboni 14, yaani kaboni yenye mionzi inayofuatilika, pembeni kuna kichupa cha sodiamu haidroksaidi kinachonasa kabonidayoksaidi inayotoka, chupa inafungwa. Kila baada ya siku kadhaa unafungua, unapima kilichonaswa, unapima uzito wa chupa, maji yakipungua unaongeza matone, unafunga tena. Miezi inakatika hivyo hivyo.

Sababu ya kuhangaika na hiyo kaboni ni dhana nyingine, tena hii hata wasomi wanayo, kwamba dawa isipoonekana kwenye kipimo imeisha. Wapi! Inaweza kuwa imegeuka tu. DDT, ile dawa ya wadudu ya zamani, inageuka DDE ambayo nayo ni sugu. Mankozebu, dawa ya ukungu wanayopiga kwenye zabibu na nyanya, inatoa kemikali iitwayo ETU, na hiyo inaleta shida kwenye tezi ya shingo. Klopairifosi, dawa ya wadudu, ndo kituko, kinachotokana nayo kinaua bakteria, yaani kinaweza kuwadhuru wale wale waliokuwa wanaivunja. Ukiona kaboni imetoka kama hewa ndo useme imeoza kweli.

Halafu kile kipimo cha siku 28, kemikali ikifeli watu wanasema haiozi milele. Hapana bwana, kile kimewekwa kigumu makusudi, ikifeli inapelekwa kwenye vipimo vingine virefu. Na hesabu jamani: ikiwa nusu inaisha siku 30, siku ya 60 haijaisha, imebaki robo, ya 90 thumuni.

Mwisho wale wa dawa za shaba, zile za bluu mnazopulizia ukungu wa zabibu. Mnauliza itaoza baada ya muda gani. Shaba ni madini, hakuna bakteria wa kuivunja iwe kitu kingine, ikishaingia udongoni inajikusanya msimu hadi msimu na hizo modeli zote hazihusiki nayo kabisa, hiyo peleka udongo ukapimwe uone imefika ngapi.