Mhadhiri wa Udaktari Naye Anahitaji Kunolewa

Daktari bingwa anapokabidhiwa wanafunzi wodini, mara nyingi hakuna aliyewahi kumfundisha kufundisha. Kilichomkalisha darasani miaka yote ni magonjwa. Ualimu ameuokota kwa kuwaiga waliomtangulia, kasoro zao zikiwemo. Semina ya siku mbili, yenye chai na cheti, husaidia kidogo, ila Jumatatu akirudi wodini yuko peke yake.

Ndiyo maana tunashauri wahadhiri wanoane. Wapenzi wa soka wanalijua neno hili: kocha huinoa timu. Hapa kocha ni mwenzako wa cheo kilekile. Watafiti wa elimu Bruce Joyce na Beverly Showers waliieneza njia hii kwa walimu wa shule huko Marekani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, na ualimu wa udaktari ukaichukua baadaye.

Mnakutana dakika kumi kabla ya raundi, yaani kuwapitia wagonjwa wodini pamoja na wanafunzi. Mwenye kipindi ndiye anayechagua cha kutazamwa, tena kitu kimoja tu: "Leo niangalizie ninavyouliza maswali." Mgonjwa akisharidhia, mwenzake anasimama nyuma ya wanafunzi na daftari lake. Hasemi neno, isipokuwa usalama wa mgonjwa uwe hatarini.

Daftarini huandikwa kilichotokea, si hukumu. "Swali la 1: mhadhiri kangoja sekunde 1, akajibu mwenyewe. La 2: sekunde 2, akajibu mwenyewe. La 3: akajibu yule mwanafunzi wa mbele, tena." Mistari mitatu hiyo inatosha mazungumzo ya nusu saa. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alionyesha tangu miaka ya 1970 kwamba walimu wengi hungoja kama sekunde moja tu baada ya kuuliza. Wakingoja tatu au zaidi, majibu hurefuka na wanyamavu nao hufungua midomo. Sekunde tatu kando ya kitanda ni ndefu kweli. Zijaribu.

Raundi ikiisha, mtazamaji aanze kwa kuuliza: "Ulitaka nani ajibu?" Ushauri ungoje uombwe. Madaktari tuna ugonjwa wa kuandika dawa kabla ya kusikiliza historia, na hapa pia hutuumbua.

Karatasi ile huondoka na mwenye kipindi. Idara ikidai nakala kwa ajili ya kupandisha watu vyeo, wiki inayofuata mtazamaji ataonyeshwa maigizo: maswali yaliyofanyiwa mazoezi na wanafunzi waliopangwa nani ajibu lini.