Sio limbwata hilo, ni hofu ya kuachwa

Kabla mtu hajafika kwetu kliniki mara nyingi ameshapita kwa mganga, ameshaombewa, na mashangazi wameshatoa hukumu kwamba kalishwa limbwata, eti haiwezekani mtu mzima na kazi yake ashindwe kula kisa fulani hajapokea simu. Inawezekana kabisa. Sisi wanasaikolojia tunauita utegemezi wa kihisia, na wenyewe kama wenyewe sio jina la ugonjwa, ila unatesa.

Iko hivi. Saa 2 usiku umetuma meseji, tiki zimegeuka bluu, kimya. Saa 2 na dakika 5 unachungulia kama yuko onlaini, saa 2 na robo unapiga, hapokei, unampigia rafiki yake, tumbo linavuruga, unaanza kutunga meseji ya kuomba msamaha kwa kosa ambalo hata hulijui. Akijibu "nilikuwa naoga" unashusha pumzi. Hapo kwenye kushusha pumzi ndo pana mtego, maana ile nafuu ya dakika 10 inaufundisha ubongo kwamba dawa ya hofu ni kumtafuta yeye, kesho hofu inarudi na dozi inapanda, na mwenzio naye anaanza kuchoka, basi unaogopa zaidi.

Kwa wengi mzizi uko mbali. Mwaka 1954 na 1955 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alikuwa hapo jirani Uganda, anafuatilia familia 26 majumbani kwao, na aliyoyaona bibi zetu wangemwambia bure tu: mtoto mwenye uhakika kwamba mama yupo ndo anayetambaa kwenda kucheza mbali, asiye na uhakika analia hata akiwa kabebwa. Sio kila aliyelelewa kwa shida anaishia hivi, lakini ukimsikiliza mtu vizuri mara nyingi unakutana na yule mtoto.

Ukija hatukwambii uachane naye, hilo watu wanaliogopa mno. Tunaanza kidogo kidogo, mfano nusu saa simu iko chumba kingine, unaandika kwenye daftari hofu ni ngapi kati ya 10 mwanzoni na mwishoni, na wengi wanashangaa imeshuka yenyewe bila kujibiwa meseji. Halafu taratibu tunarudisha marafiki uliowatelekeza. Inachukua muda, usidanganyike na wanaoahidi kukuponya kwa siku tatu.

Kama unapigwa au kutishiwa hiyo ni kesi nyingine, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, Kenya piga 1195. Na ukianza kuwaza kujiua usisubiri kliniki, mwambie mtu akupeleke hospitali leo leo.

Kwa Dar huduma ipo Muhimbili, Dodoma ipo Mirembe, hospitali ya afya ya akili, na najua jina Mirembe linawatisha watu lakini wanaoingia na kutoka siku hiyohiyo wakarudi kazini wapo. Pale mapokezi sema tu nataka kumuona mwanasaikolojia, inatosha, mambo ya mapenzi huna haja ya kuyaeleza dirishani foleni nzima ikisikiliza.