Mguu Usiouma Si Lazima Uwe Mzima

Watu wengi huipima afya ya miguu yao kwa maumivu peke yake: mguu usipouma huhesabiwa kuwa mzima, na ukiuma husemwa kuwa umechoka. Kwa maoni yangu, hakuna dhana potofu kuhusu miguu iliyo na madhara makubwa kuliko hii, kwa sababu kisukari, ambacho ni miongoni mwa sababu kuu za watu kukatwa miguu, mara nyingi hutangulia kuyaondoa maumivu yenyewe.

Sukari inapokuwa juu katika damu kwa miaka mingi huiharibu mishipa ya fahamu, na kwa kawaida ile mirefu zaidi, inayofika vidoleni mwa miguu, ndiyo huanza kuathirika. Wapo wanaohisi ganzi au kuchomwachomwa kama kwa sindano, na wapo wasiohisi lolote. Mtu wa namna hiyo anaweza kutembea mchana kutwa akiwa na kijiwe ndani ya kiatu, asitambue hadi jioni anapovua soksi na kuona doa la damu. Ikiwa mishipa ya damu nayo imekwisha kuziba kwa kiasi fulani, kidonda hicho hukosa damu ya kukiponya, vijidudu huingia, na maambukizi yakifika kwenye mfupa, mguu mzima huwa hatarini. Ndiyo maana wahudumu wa afya hugusa nyayo za wagonjwa wa kisukari kwa uzi mgumu wa nailoni unaopinda pale mgandamizo unapofikia gramu 10. Asiyeuhisi mguso huo amekwisha kupoteza kinga muhimu. Mwenye kisukari azikague nyayo zake kila siku, pamoja na nafasi baina ya vidole, kwa kutumia kioo au macho ya mwenzake ikiwa hawezi kuinama. Asitumbukize miguu katika maji ya moto kwa nia ya kuondoa ganzi, kwani hatajua yanapomuunguza.

Wengine husema miguu kuvimba ni matokeo ya kusimama sana tu. Kusimama huchangia kweli, lakini miguu yote miwili inapovimba mara kwa mara, na kidole kikibonyezwa juu ya kifundo kikaacha kishimo kisichojaa upesi, yafaa kuchunguza moyo, figo na ini. Mguu mmoja ukivimba ghafla na kuuma kwenye misuli ya nyuma, jambo hilo halingoji kesho: huenda damu imeganda ndani ya mshipa, na bonge hilo linaweza kusafiri hadi kwenye mapafu na kuua.

Maumivu ya misuli ya miguu yanayokuja wakati wa kutembea na kutulia mtu anapopumzika nayo husingiziwa uzee. Mara nyingi ni dalili kwamba ateri za miguu, yaani mishipa inayopeleka damu kutoka moyoni, zimekuwa nyembamba, na mwenye tatizo hilo yumo pia katika hatari ya shambulio la moyo na kiharusi, kwa kuwa mafuta yanayoziba ateri hayachagui mguu pekee.

Kuhusu nyayo bapa, hofu imezidi ukweli. Watoto wadogo karibu wote huwa nazo kabla upinde haujajijenga, na watu wazima wengi huishi nazo bila maumivu wala haja ya viatu maalumu. Linalostahili kuangaliwa ni mwendo. Wayo mmoja una mifupa 26, na kisigino kinapouma, hasa katika hatua za kwanza baada ya kuamka, mtu huanza kuchechemea ili kukiepusha. Akiendelea hivyo kwa wiki kadhaa, goti, nyonga na kiuno hubeba uzito kwa namna visivyoizoea, navyo huanza kuuma.

Ipo pia imani kwamba kila sehemu ya wayo ina kiungo chake cha ndani, na kwamba kubonyeza mahali fulani huponya ini au figo. Kukandwa nyayo huburudisha, na sina neno juu ya hilo, lakini hakuna uthibitisho wa kisayansi kwamba kunatibu viungo hivyo, nami nasikitika ninapomwona mgonjwa akiahirisha vipimo kwa ajili yake.