Mavazi na Matunzo Baada ya Upasuaji wa Kuondoa Titi: Ushauri kwa Wagonjwa wa Tanga na Ndugu Wanaowauguza

Mama anaporuhusiwa kurudi nyumbani baada ya kuondolewa titi, jamaa na majirani huja kumjulia hali, na hapa Tanga wengi hawaji mikono mitupu: huja na dera jipya. Nia ni njema na vazi lenyewe ni pana na jepesi. Hata hivyo dera hupitishwa kichwani, na kupitisha nguo kichwani kunamlazimu mtu ainue mikono yote miwili, jambo ambalo mwenye mshono kifuani, hasa akiwa ametolewa pia tezi za kwapani, halifanyi bila maumivu katika wiki za mwanzo. Ndiyo maana tunapowaaga wagonjwa wodini huwaomba ndugu zao wapime kila nguo kwa swali moja: mkono unaingiaje?

Nguo inayofaa ni ile inayofunguka mbele, kama gauni la vifungo, shati la mume au baibui la kufungua mbele. Wakati wa kuvaa, mkono wa upande uliopasuliwa utangulie kuingia. Wakati wa kuvua, utoke mwisho. Dera la zawadi nalo halina haja ya kufungiwa kabatini. Likiwa na shingo pana linaweza kuvaliwa kwa kuanzia miguuni, au fundi cherehani yeyote wa Ngamiani anaweza kulipasua mbele kutoka shingoni hadi kiunoni na kulitia vifungo. Vifungo ni bora kuliko zipu, kwa sababu meno ya zipu hukwaruza mshono.

Kanga inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa mazoea yetu ni kuifunga juu ya matiti, na hapo ndipo penye kidonda. Katika kipindi hiki kanga moja ifungwe kiunoni na ya pili itupwe mabegani bila fundo. Kwa bahati nzuri huuzwa kwa doti. Kuhusu ushungi, mwenye mtandio ulioshonwa tayari ataepuka kuhangaika na pini nyuma ya kichwa, na asiye nao amwachie binti au wifi amfunge.

Wagonjwa wengi hurudi nyumbani wakiwa na mrija wa plastiki uliounganishwa na kichupa cha kukusanya majimaji, nao ndio huwasumbua kuliko mshono wenyewe. Kichupa kikiachwa kining'inie huvuta ngozi, kwa hiyo ashonewe kifuko cha kipande cha kanga kuukuu chenye mkanda wa kuvaa shingoni au kufunga kiunoni, na wakati wa kuoga akivae kingine kisichoogopa maji. Majimaji humwagwa kwa mikono iliyonawiwa kwa sabuni, mara mbili kwa siku au kama muuguzi alivyoelekeza, na kiasi chake huandikwa kwenye daftari. Tunalisisitiza daftari hilo kwa sababu mrija, ambao kwa kawaida hukaa wiki moja hadi tatu, hutolewa kwa kutazama tarakimu: mara nyingi husubiriwa kiasi kishuke chini ya mililita 30 kwa saa 24. Rangi nayo hubadilika, kutoka nyekundu hadi manjano. Yakigeuka usaha au kunuka, mshono ukawa mwekundu na wa moto, kifua kikivimba ghafla, au homa ikafika nyuzi 38, mgonjwa arudi hospitali siku hiyo hiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Joto la pwani, hasa wakati wa kaskazi, huongeza jasho chini ya bandeji, kwa hiyo pamba ipewe nafasi mbele ya nailoni. Singo, liwa na poda visipakwe karibu na kidonda kabla hakijapona. Jambo ambalo wengi hawaambiwi ni kwamba ngozi ya kifua na ya ndani ya mkono wa juu inaweza kufa ganzi kwa miezi kadhaa, pengine daima. Anayeinamia jiko la mkaa au kunyoosha nguo kwa pasi anaweza kuungua asijue.

Mkono haupaswi kufungwa wala kulazwa moja kwa moja. Kufumba na kufumbua kiganja na kukunja kiwiko huanza mapema, na baadaye, daktari akiruhusu, vidole hupandishwa ukutani kidogo kidogo kila siku. Usiku mto mdogo wa sufi chini ya mkono hupunguza mvuto. Kazi ni suala jingine: ndoo ya lita 20 ina kilo 20, na mbuzi ya nazi humtaka mtu arudie mwendo uleule mara mamia, kwa hiyo vyote viwili vingoje takriban wiki sita na ruhusa ya daktari. Kusujudu pia huweka uzito mikononi. Asiyeweza aswali ameketi, kama wagonjwa walivyoruhusiwa.

Sidiria isubiri mshono ufunge. Ya kwanza iwe laini, isiyo na waya, yenye kufunga mbele, na upande mtupu ujazwe kwa kifuko chepesi cha kitambaa chenye pamba. Titi la bandia la silikoni, ambalo lina uzito, huvaliwa baada ya wiki sita hadi nane, ngozi ikiwa imepona. Anayekwenda Dar es Salaam kupata mionzi katika Taasisi ya Saratani Ocean Road asivae sidiria inayobana eneo linalotibiwa. Wapo wanaojaza kifuko kwa mchele au mtama ili kipate uzito. Si vibaya, ila kwa unyevu wa Tanga nafaka huvunda upesi na lazima ibadilishwe mara kwa mara. Kifuko cha pamba, kwa wepesi wake, hupanda juu mtu anapotembea, hivyo fundi aongeze mfuko wa ndani katika sidiria na kukishikiza kwa nyuzi mbili tatu, ambazo ni rahisi kufumua siku ya kufua.