Sherifu wa picha za kauboi alikuwa nani hasa

Kwenye picha za kauboi kila mwenye nyota kifuani huitwa sherifu. Watafsiri wa mabanda ya video wamezoea kumwita polisi, na mtazamaji anaridhika: huyu ndiye serikali, yule ndiye adui, stelingi yuko njiani. Vurugu huanza picha inapohusu rushwa. Mbona sherifu anakula meza moja na majambazi? Mbona stelingi mwenye nyota anakimbizwa na mtu mwingine mwenye nyota? Hapo wengi husema hadithi imeandikwa vibaya. Mara nyingi haikuandikwa vibaya. Cheo chenyewe ndicho kilikuwa hivyo: sherifu wa Magharibi ya Marekani alikuwa mwanasiasa wa kupigiwa kura, na mkate wake mkubwa ulikuwa kutoza kodi.

Tuanze na jina. Sherifu hana undugu wowote na sharifu wa pwani. Huyo ni wa Kiarabu na habari yake ni ya nasaba. Sherifu anatoka Kiingereza cha kale, kwenye maneno mawili yaliyounganishwa, moja likimaanisha wilaya na jingine msimamizi. Alikuwepo Uingereza kabla hata ya uvamizi wa Wanormani wa 1066, akisimamia mapato na amri za mfalme wilayani. Yule sherifu wa Nottingham anayemsumbua Robin Hood anatoka kwenye ukoo huo. Wahamiaji waliuvusha wadhifa huo baharini, na Marekani ikaugeuza kwa jambo moja kubwa: badala ya kuteuliwa na mfalme, sherifu akawa anachaguliwa na wapiga kura wa kaunti yake, sehemu nyingi za Magharibi kwa muhula wa miaka 2. Kaunti hapo msomaji wa Kenya asiifikirie ya kwake yenye gavana. Ni kama wilaya tu. Gavana ni wa jimbo zima, au wa teritori, yaani nchi ambayo haijakubaliwa kuwa jimbo na ambayo gavana wake wakati huo aliteuliwa na rais kutoka Washington.

Kazi zake za siku hadi siku hazifai sinema. Kupeleka hati za mahakama. Kukamata mali ya mdaiwa na kuipiga mnada. Kuita wazee wa baraza la mahakama. Kutunza jela na kuwalisha wafungwa. Kumnyonga aliyehukumiwa kifo, na kabla ya hapo kualika mashahidi: sherifu wa Navajo, Arizona, mwaka 1899 alichapisha kadi za mwaliko wa kunyonga zenye maneno ya bashasha kama za harusi, hadi Rais McKinley akaja juu. Kufukuza majambazi kulikuwa kazi ya ziada, ya hatari, na yenye faida ndogo.

Faida ilikuwa kwenye kodi. Mfano ulio wazi kuliko yote ni kaunti ya Cochise, Arizona, iliyomegwa kutoka kaunti ya Pima mwezi Februari 1881 kwa sababu ya madini ya fedha yaliyokuwa yakichimbwa kwenye mji wa Tombstone. Huko sherifu ndiye aliyekadiria kodi, ndiye aliyeikusanya, na alibaki na asilimia 10 ya alichokusanya. Kwa kaunti yenye migodi na reli, nafasi hiyo ilikadiriwa kuingiza hadi dola 40,000 kwa mwaka. Mchimbaji wa Tombstone wakati huo alilipwa dola 4 kwa siku. Akifanya kazi siku 300 anapata 1,200, kwa hiyo angehitaji zaidi ya miaka 30 kufikia kipato cha sherifu cha mwaka mmoja. Shika hesabu hiyo. Inaeleza zaidi kuliko bastola.

Mtoza kodi anayetegemea kamisheni na kura hawezi kugombana na wenye ng'ombe wengi, hata kama ng'ombe wenyewe wameibwa Sonora, ng'ambo ya mpaka wa Mexico. Naibu mmoja wa sherifu wa Cochise, Billy Breakenridge, alitumwa kukusanya kodi upande wa mashariki wa kaunti, kwenye ngome za wezi wa mifugo. Akaenda moja kwa moja kwa Curly Bill Brocius, kinara wao, akamwomba amsindikize. Brocius akakubali, wakazunguka pamoja, kodi ikalipwa. Breakenridge mwenyewe alikisimulia kisa hicho uzeeni kwa fahari, wala hakukiona kuwa aibu. Kwa njia, eneo hilo mwaka 1881 neno "kauboi" lilikuwa karibu na tusi. Mfugaji halali hakupenda kuitwa hivyo. Kauboi alikuwa mwizi wa ng'ombe.

Sasa zile nyota. Mji mmoja ungeweza kuwa na nyota za aina tatu, na picha nyingi za kauboi zinasimama juu ya tofauti hii bila kuieleza. Sherifu ni wa kaunti. Mashali wa mji ni wa halmashauri ya mji: anashughulikia walevi, ugomvi wa baa na sheria ndogo, na mamlaka yake yanaishia mpaka wa mji. Shujaa wa High Noon ya 1952, anayezunguka akiomba wasaidizi na kunyimwa, ni mashali na si sherifu, ndiyo maana halmashauri na wafanyabiashara wana sauti kubwa juu yake. Wa tatu ni mashali wa Marekani, cheo cha tangu 1789, anayeteuliwa na rais. Yeye hahusiki na wizi wa kawaida wala mauaji ya kaunti. Anahusika na makosa ya serikali kuu, kama kuiba barua za posta. Kwa hiyo gari la farasi likiporwa, swali la kwanza ni kama lilibeba mfuko wa posta. Likiwa nao, mashali wa Marekani ana haki ya kufuatilia. Lisipokuwa nao, ni shauri la sherifu, na sherifu asipotaka, ndiyo basi.

Manaibu wa mashali wa Marekani hawakuwa na mshahara bali malipo ya kazi kwa kazi, mambo yaliyodumu hadi 1896: kiasi fulani kwa kila hati, kiasi fulani kwa kila maili. Naibu akirudi mikono mitupu, gharama za farasi na chakula zinabaki shingoni mwake.

Kwa kuwa cheo kilikuwa cha kura, wizi wa kura ulikuwa njia ya mkato. Mwezi Novemba 1880, kabla Cochise haijamegwa, kaunti ya Pima ilichagua sherifu. Charles Shibell aliyekuwa madarakani alimshinda Bob Paul kwa kura 58. Kituo kimoja cha mbali, San Simon, kilileta kura 103 kwa Shibell na 1 kwa Paul, na wapiga kura halali wa pale hawakufika idadi hiyo hata nusu. Msimamizi wa kituo alikuwa Ike Clanton, na miongoni mwa waamuzi wake alikuwemo John Ringo, wote wawili kutoka kundi la kauboi. Paul akaenda mahakamani, kura zikafutwa, akaapishwa miezi kadhaa baadaye. Wyatt Earp, aliyekuwa naibu wa Shibell, alijiuzulu ndani ya wiki moja baada ya uchaguzi, na nafasi yake akapewa Johnny Behan. Kumbuka jina hilo.

Cochise ilipoundwa, gavana alimteua Behan kuwa sherifu wa kwanza. Earp alikuwa ameitaka nafasi hiyo. Wakapatana kwamba Earp asishindane naye, na Behan akipata atamfanya naibu mkuu. Behan alipata, akampa unaibu Harry Woods, mhariri wa gazeti la Nugget la chama cha Democratic. Gazeti pinzani, Epitaph, lilikuwa la Republican, na mmiliki wake, John Clum, akawa meya. Kila upande basi ukawa na nyota yake na gazeti lake. Ukiona kwenye filamu mhariri anavunjiwa mashine ya kuchapa, usidhani ni pambo la hadithi.

Jela ndiyo ilionyesha mapema mambo yalivyokaa. Machi 1881 gari la farasi lililobeba fedha lilishambuliwa karibu na Benson, watu wawili wakauawa. Mshukiwa mmoja, Luther King, alikamatwa na kukabidhiwa kwa sherifu. Kabla mwezi haujaisha, akiwa kwenye ofisi ya sherifu wakati hati ya yeye kumuuzia John Dunbar farasi inaandikwa, King alitoka kwa mlango wa nyuma na kuondoka. Dunbar alikuwa mshirika wa Behan katika biashara ya zizi la farasi. Gharama za msako huo Behan aliidai kaunti, karibu dola 800, akakataa kuwalipa Earp na nduguze kwa kuwa, alisema, si yeye aliyewaita.

Hapo tunafika kwenye lile kundi la wapanda farasi linaloongozana na sherifu. Sherifu alikuwa na haki kisheria ya kumwita mwanamume yeyote wa kaunti amsaidie kukamata mtu. Aliyeitwa akawa na nguvu za dola kwa muda wa kazi hiyo. Si sungusungu. Sungusungu walianza wenyewe kijijini kwa kuchoka kuibiwa ng'ombe, serikali ikaja kuwatambua baadaye. Kundi la sherifu linazaliwa na kauli ya mtu mmoja, na udhaifu wake uko hapohapo: anayechagua waitwa ndiye anayechagua matokeo. Kiapo hakihitaji siku wala karatasi nyingi. Mwizi wa asubuhi anaweza kuwa askari wa jioni.

Haya yote yalikutana tarehe 26 Oktoba 1881. Watu hudhani ugomvi wa O.K. Corral, zizi la farasi mjini Tombstone, ulikuwa kisasi au pambano la bastola la kupangwa. Kisheria ulikuwa kesi ya kubeba silaha mjini. Sheria ndogo namba 9 ya Tombstone ilimtaka kila anayeingia aache bunduki zizini au baa; ile picha ya kila mwanamume kutembea na bastola kiunoni barabara kuu ni ya Hollywood. Virgil Earp, kaka yake Wyatt, alikuwa mashali wa mji na pia naibu wa mashali wa Marekani. Behan alitangulia kwenda kuwanyang'anya silaha kina Clanton na McLaury wa kundi la kauboi, hawakukubali. Akarudi akakutana na kina Earp njiani. Alisema nini hapo? Kama alisema "nimewanyang'anya" au "nilikwenda kuwanyang'anya", mashahidi hawakukubaliana, na maneno hayo mawili yana tofauti ya maiti tatu. Risasi kama 30 kwa sekunde kama 30, kwenye uwanja mwembamba kando ya studio ya mpiga picha C. S. Fly, si ndani ya zizi lenyewe. Billy Clanton na ndugu wawili, Tom na Frank McLaury, walikufa. Baada ya mwezi wa ushahidi hakimu Wells Spicer aliwaachia kina Earp, lakini alimkaripia Virgil kwa jambo moja: kumwita Wyatt na rafiki yake Doc Holliday kuwa wasaidizi, watu waliokwisha kugombana na wanaokamatwa.

Kilichofuata ndicho kiini cha filamu nyingi. Desemba Virgil alipigwa risasi gizani, mkono ukalemaa. Machi 1882 ndugu yao Morgan Earp aliuawa akicheza biliadi. Wyatt, sasa naibu wa mashali wa Marekani mwenye hati za serikali kuu, akatoka kuwawinda washukiwa, na huko Tucson, kaunti ya Pima, mmoja wao, Frank Stilwell, akauawa. Pima ikatoa hati ya kumkamata Wyatt. Behan akaichukua, akakusanya kundi lake, akamtia na Ringo humo. Kwa hiyo makundi mawili halali yalikuwa yakifukuzana jangwani: moja lina hati ya kaunti kumkamata kiongozi wa jingine, lile jingine lina hati za serikali kuu. Bob Paul, ambaye hati ilitoka kaunti yake, alikataa kwenda na Behan kwa sababu ya watu aliowabeba. Behan hakumpata mtu, na kaunti ikapelekewa ankara ya zaidi ya dola 2,500. Earp na Holliday walivuka hadi Colorado, na gavana wa huko alipoombwa amrudishe Holliday, alikataa.

Sherifu wa namna hii asipoaminiwa, watu hujichukulia sheria, na Cochise haikukawia kufika huko, ingawa Behan alikwishaondoka ofisini. Desemba 1883 majambazi waliua watu wanne katika wizi wa duka mjini Bisbee. Watano walihukumiwa kunyongwa. Wa sita, John Heath, aliyeshutumiwa kupanga wizi, baraza la mahakama lilimpa kifungo cha maisha. Asubuhi ya tarehe 22 Februari 1884 kundi la watu liliingia jela ya Tombstone, likamtoa na kumtundika kwenye nguzo ya telegrafu. Dakta George Goodfellow, aliyechunguza maiti, alihitaji kuandika sababu ya kifo bila kumtaja mtu yeyote wa mjini. Akaandika kwamba Heath alikufa kwa ugonjwa wa mapafu, ambao huenda ulisababishwa na kukabwa koo, kwa mkono wake mwenyewe au vinginevyo.